Kabla ya Kulaumu Kompyuta

Ukifungua Vim, programu ya kuhariri maandishi, bila kutaja faili, mara nyingine utaona katikati ya kioo mstari unaoomba msaada kwa ajili ya watoto maskini wa Uganda. Kwetu Omurushaka, ambako barabara ya Nkwenda inashuka hadi Murongo mpakani, hao ni watoto wa jirani. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, kisha akaanzisha mfuko wa ICCF wa kukichangia. Alifariki Agosti 2023. Programu yake bado inagawiwa bure, na ombi lake bado limo.

Ikichelewa kufunguka, usikimbilie kulaumu kompyuta: Vim tupu ni nyepesi hata kwenye kompyuta kuukuu. Inayochelewa ni ile tuliyoijaza viongezo. Kila inapoanza husoma vimrc, yaani faili la mipangilio yako, kisha husoma viongezo vyote, faili moja baada ya jingine. Diski ya kizamani inayozunguka hulemewa hapo, kwa kuwa kila faili dogo lina safari yake.

Usifute viongezo kwa kubahatisha. Pima:

vim --startuptime muda.txt +qa

Vim itafunguka, itajifunga, na kukuachia faili linaloonyesha kila hatua imekula milisekunde ngapi. Rudia mara tatu, na ufute muda.txt kila mara, maana Vim huandika chini ya vipimo vya zamani. Namba za mara ya pili hushuka ingawa hujarekebisha kitu: mafaili yameshakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mimi huthamini zaidi kipimo cha kwanza, kile cha asubuhi mashine ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, kwa sababu ndicho mtumiaji anachokisubiri.

Ukishamjua mchelewaji, mhamishe. Tangu Vim 8 ya mwaka 2016 kuna folda mbili za viongezo: start, inayosomwa kila mara, na opt, inayongoja kuitwa. Kiongezo cha Python kipeleke opt, kisha andika ndani ya vimrc:

autocmd FileType python packadd jina-la-kiongezo

Siku unapoandika barua ya chama cha msingi cha kahawa, kiongezo hicho hakiguswi.

Kama bado inasuasua kwenye Linux, jaribu vim -X. Haitaunganishwa na mfumo wa madirisha, ila utakosa kunakili maneno kwenda programu nyingine. Kwa anayenakili kutwa nzima, bora asubiri kidogo.