Kipimo cha Mazoezi Baada ya Kuzibuliwa kwa Ateri za Moyo

Mgonjwa wa shambulio la moyo akishazibuliwa ateri, kwa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda au kwa puto, hubaki swali: je, moyo wake unahimili kazi? Kipimo cha mazoezi hulijibu kwa sehemu. Katika utaratibu wa Bruce, mgonjwa hutembea juu ya mkanda unaozunguka, akianza kwa kilomita 2.7 kwa saa na mwinuko wa asilimia 10. Kasi na mwinuko huongezwa kila baada ya dakika 3, huku mapigo, shinikizo la damu na elektrokadiogramu vikifuatiliwa. Kushuka kwa sehemu ya ST kwa milimita 1 au zaidi huashiria upungufu wa damu katika misuli ya moyo. Hata hivyo, baada ya kuzibuliwa, alama hiyo pekee haitabiri vifo vizuri, kwa kuwa wengi wanaoweza kupimwa wana hatari ndogo. Utafiti wa GISSI-2 nchini Italia, uliohusu waliopewa dawa za kuyeyusha damu, ulionesha kuwa vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa wale ambao hawakufanyiwa kipimo. Kwa hiyo, ripoti isiyotaja muda aliotembea mgonjwa, au sababu ya kutopimwa kwake, huwa imeacha taarifa iliyo muhimu zaidi.