Kadi mbili kwenye benchi moja: bima ya mtoto wa mkulima na ya mtoto wa mwalimu Kilosa

Kilosa/Mikumi. Kwenye benchi la zahanati ya kijiji wilayani Kilosa wanaweza kukaa watoto wawili wa darasa la kwanza wenye homa ileile, na wote wawili wana bima ya umma. Mmoja mama yake ni mwalimu, anakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Mwingine wazazi wake wanalima ufuta na mahindi, na wana kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, maarufu kama CHF.

Watamwona mganga yuleyule na kupimwa kwa kipimo kilekile. Tofauti inaanzia kwenye dirisha la dawa.

Dawa ikiwa haipo, mtoto wa mwalimu anayo njia nyingine. Mzazi wake anaweza kupewa fomu ya kwenda kuchukua dawa kwenye duka lenye mkataba na NHIF. Mzazi wa CHF anaandikiwa jina la dawa kwenye karatasi na kuambiwa akanunue. Kadi inarudi mfukoni, fedha inatoka.

Tusimwonee mwalimu wivu kupita kiasi. Maduka yenye mkataba yako mjini, na mwalimu wa kijiji cha ndani atapanda bodaboda kulifuata. Lakini akifika hachangi fedha nyingine, na hapo ndipo kadi hizo mbili zinapoachana.

Morogoro ilitangulia

Wazazi wa Kilosa si wageni wa jambo hili. CHF ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Kwa miaka mingi kadi ilimfunga mwanachama kwenye kituo kimoja alichojiandikisha. Ukijiandikisha Kidodi, mtoto akaugua mkiwa Kilosa mjini kwenye msiba, ulilipa kama mtu asiye na kadi.

Mkoa wa Morogoro, pamoja na Dodoma na Shinyanga, ulikuwa miongoni mwa mikoa mitatu ambako mfumo mpya ulijaribiwa kwa msaada wa Uswisi kabla ya kupelekwa nchi nzima mwaka 2018. Waandikishaji walitoka vituoni wakaenda vijijini, wakapiga picha za wanakaya kwa simu na kuingiza taarifa zao kwenye mfumo wa kompyuta. Kadi ikaanza kutambulika nje ya kituo cha nyumbani.

Mchango uliopangwa mwaka 2018 ni Sh30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Serikali huongeza kiasi sawa na kile kilichochangwa, utaratibu ambao watu wa halmashauri wanauita tele kwa tele. Ukigawanya, ni Sh5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Kwa bei hiyo ni vigumu kupata bima nyingine, na ndiyo sababu mfuko wenyewe hauna misuli.

Mwalimu na mwajiri wake wanachangia asilimia sita ya mshahara, nusu kwa nusu. Hata mwalimu anayeanza kazi huingiza kwa mwaka mara nyingi zaidi ya kaya ya mkulima. Mifuko yote miwili ni ya umma, na yote inaahidi matibabu kwa baba, mama na watoto wanne, lakini haikuwahi kuwa na uzito mmoja.

Dawa inapotelea wapi?

Mzazi anayeambiwa "dawa zimeisha" mara nyingi humtazama mhudumu kama mwizi. Wizi upo, hakuna haja ya kuficha. Ila mara nyingi sababu ni ya kawaida zaidi.

Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa (MSD). Kisichopatikana huko kinanunuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa, utaratibu uliobuniwa Dodoma na kufika Morogoro. Kwa mshitiri kunatakiwa fedha, na sehemu ya fedha hizo ni malipo ya CHF ambayo kituo hupata baada ya kuwahudumia wenye kadi. Yakichelewa, kituo kimeshatoa dawa na hakina cha kununulia nyingine. Katika hali hiyo, anayelipa taslimu dirishani ni nafuu kwa zahanati kuliko mwenye kadi. Malalamiko ya wanachama kwamba wao hukosa dawa huku mwenye noti akipata yamejitokeza katika tafiti za wilaya mbalimbali nchini, na ndiyo sababu kubwa ya watu kutorudi kuhuisha kadi.

Wakiacha kuhuisha, fedha zinapungua tena.

Katikati ya Kilosa na Mikumi

Kilosa mjini kuna hospitali ya wilaya. Mikumi, kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kuna Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Kanisa Katoliki. Katikati kuna zaidi ya kilomita 70 za vijiji, kikiwamo Ulaya, hii ya Kilosa, ambako usafiri wa masika ni suala la bahati. Wilaya hii inajua maji yanavyoweza kuikata: mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliziacha familia nyingi bila makazi.

Kwa mzazi wa huko, haki kwenye bima inaanzia kwenye nauli, ambayo hakuna kadi inayoilipa. CHF inafuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa pale Morogoro. Ukiruka ngazi bila barua ya rufaa, isipokuwa kwa dharura, unaweza kutakiwa kulipa. Hospitali ya dini nayo hupokea kadi pale tu palipo na mkataba. Mzazi wa Mikumi, Ruhembe au Kidodi aulize jambo hilo siku mtoto akiwa mzima, maana saa nane za usiku hakuna wa kumuuliza.

Wazazi wengi pia hulipia kisichopaswa kulipiwa. Sera ya afya inasamehe ada za matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano na wajawazito katika vituo vya umma, wawe na kadi au wasiwe nayo. Ukidaiwa, omba risiti na uulize ni ya nini. Swali hilo peke yake limewahi kufuta madeni mengi.

Kadi haikatwi mtoto akiwa kitandani

Kuna upande ambao wazazi nao wana sehemu yao. Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyokuwa ikilipiwa Sh50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023 kwa usajili wa mtoto mmojammoja. NHIF ilieleza kuwa wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa, na gharama zikazidi michango kwa mbali. Baadaye ikarejeshwa, lakini wazazi waliokuwa wakiitegemea walishapitia kipindi kigumu, wengine wakiwa na watoto wenye moyo au selimundu.

CHF ina ugonjwa huohuo. Kilosa fedha zina msimu wake: ufuta ukiuzwa, mpunga ukivunwa, miwa ya wakulima wa nje ikilipwa Ruhembe. Hapo ndipo Sh30,000 haiumi. Ikisubiriwa hadi Februari, ghala likiwa tupu na mbu wengi, inakuwa ada ya shule ya mtu mwingine.

Wenye ufunguo wa dawa

Kila zahanati ya umma ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo hushiriki kuamua zitumike vipi. Wazazi wachache sana wanajua majina ya wajumbe wao. Wanaijua kamati ya shule, wanaijua ya maji, hii hawaijui, ingawa ndiyo inayoweza kuuliza kwa nini dawa ya watoto imekosekana miezi miwili na barua ya kuagiza iliandikwa lini.

Kuuliza kunazaa matunda. Tathmini ya nyota ya mwaka 2015/16 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya vituo vya msingi nchini havistahili hata nyota moja. Vikapewa mipango ya kujirekebisha, na duru ya 2017/18 ikakuta vituo vya aina hiyo vimepungua sana.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, wenye vyanzo kama tozo za vileo, vipodozi na vinywaji vyenye kaboni. Katika mjadala wa mwaka 2022 mchango uliotajwa kwa kaya ya watu sita ulikuwa Sh340,000, zaidi ya mara kumi ya ule wa CHF, na kelele zikapanda hadi muswada ukarudishwa kufanyiwa kazi. Kelele hizo zilikuwa za bei. Kuhusu dirisha la dawa kulisikika maneno machache, ingawa mkulima wa Ulaya angeweza hata kuuza mbuzi kama angekuwa na hakika kwamba dawa atapewa.

Kwa sasa, mzazi anayehuisha kadi ahesabu kwanza watu wa nyumbani kwake. Sita ni pamoja na baba na mama. Mtoto wa tano, au bibi aliyehamia kutoka Berega, hatambuliki kwenye kadi hiyo mpaka ikatwe ya pili.