Pikapu Hainunuliwi kwa CC

Anayetaka kununua pikapu huanza kwa kuuliza injini ina CC ngapi. Kisha huuliza ina nguvu farasi ngapi, na akiwa mzoefu huuliza itauzika kwa bei gani akiichoka. Swali linalopaswa kutangulia ndilo linalochelewa: itabeba nini, na itapita wapi?

Chukua mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni anayepeleka mzigo Iringa. Nyuma ana magunia yanayokaribia tani moja. Akifika Mlima Kitonga, kona zinafuatana na mbele yake lori linatambaa. Hana nafasi ya kuchukua kasi ya kupandia. Injini lazima ivute huku ikizunguka polepole. Hapo cha kumwokoa ni torki, yaani nguvu ya injini kusokota krenki, ambayo hupimwa kwa nyutonimita. Kwa lugha ya barabarani, farasi hukuambia gari litakimbia kiasi gani. Torki hukuambia kama litaondoka na mzigo mlimani bila kunuka klachi.

Sasa tazama namba. Injini ya 5L ya Hilux za zamani, dizeli isiyo na tabo, ina CC 2,986 na torki isiyozidi 200, tena mpaka izunguke mara 2,400 kwa dakika. Isuzu D-Max ya CC 1,898, ambayo wengi huibeza kwamba ina injini ya gari la kwendea ofisini, hutoa 350 kuanzia mizunguko 1,800. Hilux ya CC 2,755 ya otomatiki, tangu ilipoboreshwa mwaka 2020, hutoa 500 kuanzia mizunguko 1,600. Ujazo umepungua, uvutaji umezidi mara mbili na nusu.

Siri ni hewa. Injini haiwezi kuchoma dizeli nyingi kuliko hewa iliyonayo. 5L huvuta pumzi yenyewe. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, ikashindilia hewa ndani ya silinda. Na kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi: ukifika Iringa, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na tabo imeshapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Basi tukimbilie mpya? Ngoja kwanza. Injini hizi mpya hupuliza dizeli kwa mgandamizo unaofikia baa 2,000 na zaidi. Tairi la pikapu hujazwa baa mbili na nusu hivi. Zidisha mara 800. Nozeli zake zina vitundu vyembamba kiasi cha unywele, na ni kompyuta inayoamua kila tone liingie lini. Pampu ya 5L fundi wa kijijini huifungua kwa spana chini ya mwembe. Injini mpya humdai mashine ya kuisoma, mahali pasipo na vumbi, na spea za bei kali.

Adui yake mkubwa ni maji. Fungua koki iliyo chini ya chujio la dizeli, ukinge kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Dizeli itakaa juu, maji yatajitenga chini, na pengine utaona mchanga kwenye kitako. Injini ya zamani ingekohoa ikaendelea na safari. Mpya huweza kuharibu nozeli zote nne. Viwango vya Afrika Mashariki vimeishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, na hilo limezisaidia sana injini mpya. Lakini dizeli iliyotoka safi bohari haina dhamana ikishapita kwenye madumu ya kando ya barabara.

Ndiyo maana Hilux kuukuu haishuki bei kirahisi. Mnunuzi hanunui injini peke yake. Ananunua pamoja na mafundi wote waliokwisha kuifungua.

Ushauri wangu: kama unabeba mzigo milimani, unajaza mafuta kwenye vituo vya kuaminika na mji wako una fundi mwenye mashine, chukua yenye tabo hata kama CC zake ni chache. Ukiishi mbali na lami na dizeli yako hutoka kwenye dumu, ile ya zamani bado ina kazi. Vyovyote iwavyo, kabla ya kulipa, ipakie mzigo uipandishe mlima, kisha umwulize fundi wa mji wako, si wa Dar es Salaam, kama ataiweza. Akisita, usilipe.