Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi: Ruta Zinaposhindwa Kuwasiliana

Katika Kiswahili cha kila siku, neno njia halina upande. Njia impelekayo mvuvi kutoka kisiwa cha Macaloe hadi Pangane, kwenye bara la Cabo Delgado, ndiyo hiyo hiyo imrudishayo. Mwanafunzi wa mitandao ya kompyuta huja darasani na maana hiyo, nayo humpotosha. Kwa ruta, njia ni ya upande mmoja tu.

Ruta ni kifaa kinachopokea pakiti za data na kuzielekeza kwenye mtandao mwingine kwa kufuata jedwali la njia. Njia zilizoandikwa na msimamizi kwa mkono huitwa njia tuli, kwa kuwa ruta haizigundui wala haizibadilishi yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Macaloe kuna mtandao wa 192.168.10.0, Pemba kuna mtandao wa 192.168.30.0, na Pangane kuna ruta inayoziunganisha ruta za pande hizo mbili. Ili kompyuta za Macaloe na Pemba ziwasiliane, zinahitajika njia nne:

1. Ruta ya Macaloe: kwenda 192.168.30.0, pitia Pangane.
2. Ruta ya Pangane: kwenda 192.168.30.0, pitia Pemba.
3. Ruta ya Pemba: kwenda 192.168.10.0, pitia Pangane.
4. Ruta ya Pangane: kwenda 192.168.10.0, pitia Macaloe.

Kosa la kawaida ni kuandika mbili za kwanza na kuzisahau mbili za mwisho. Pakiti hufika Pemba salama, lakini jibu hukosa pa kupita na kutupwa.

Mawasiliano yakikosekana, zifuatwe hatua hizi. Kwanza, anzia karibu. Kwa amri ya ping, jaribu ruta yako, kisha ya Pangane, kisha anwani ya ruta ya Pemba iliyo upande wa 192.168.30.0. Pili, soma jibu. Ukiambiwa kuwa mahali hapafikiki, mara nyingi ruta iliyotuma taarifa hiyo haina njia ya kwenda. Ukipata kimya mpaka muda ukaisha, ishuku njia ya kurudi, ingawa huenda pia kompyuta ya mbali imezimwa au programu yake ya ulinzi inakataa kujibu. Tatu, jaribu kutoka kwenye kompyuta, si kwenye ruta pekee. Ruta kwa kawaida hutumia anwani ya mlango inakotokea pakiti, hivyo matokeo yake yanaweza kutofautiana na ya kompyuta.

Njia tuli zina udhaifu mwingine. Kiungo cha Pangane na Pemba kikikatika, ruta ya Macaloe haitajua; itaendelea kutuma pakiti Pangane, nazo zitapotea. Katika pwani iliyopigwa na Kimbunga Kenneth tarehe 25 Aprili 2019, hilo si jambo la kupuuzwa. Panapokuwa na kiungo cha akiba, ni lazima mtu abadilishe jedwali kwa mkono, au ruta zipewe utaratibu wa kuarifiana zenyewe.

Kwa walimu, tunapendekeza jambo moja dogo: neno njia lisisimame peke yake katika somo hili. Tuseme njia ya kwenda na njia ya kurudi, na mwanafunzi aziandike zote mbili kabla hajagusa waya.