Asilimia Moja ya Neodimi

Zumaridi zinazochimbwa karibu na Sumbawanga ni berili, na berili tupu haina rangi. Ukijani hutoka kwa chembe chache za kromi au vanadi zilizochukua nafasi ya alumini jiwe lilipokuwa likiumbika. Fuwele za leza hufuata kanuni hiyohiyo, ila maabara huchagua mgeni wake na kumhesabu.

Maarufu kuliko zote ni YAG, ganeti ya itri na alumini. Mwaka 1964 watafiti wa Bell Labs, Marekani, waliitia neodimi wakapata leza ambayo hadi leo madaktari wa macho huitumia kutoboa utando unaofifisha macho baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho.

Oksidi za itri, alumini na neodimi huyeyushwa ndani ya chungu cha iridi, kwenye nyuzi zipatazo 1,950 za Selsiasi. Kipande cha fuwele, yaani mbegu, hugusishwa juu ya kiowevu hicho, kisha huvutwa polepole kikizungushwa. Njia hii aliigundua Jan Czochralski wa Poland mwaka 1916. Ugumu uko kwenye neodimi yenyewe. Ayoni yake ni kubwa kuliko ya itri inayoipisha, kwa hiyo fuwele hupokea kiasi cha moja ya tano tu ya kiwango kilichomo kwenye kiowevu. Neodimi iliyosalia hubaki chunguni na kuzidi kujilimbikiza. Ukivuta kwa pupa, fuwele hupasuka au hujaa mawaa. Kwa nusu milimita kwa saa, sentimita 15 zahitaji siku 12 na ushei, na umeme usiyumbe.

Kisha fuwele hupimwa, na hapa ndipo ninapoona utamu wa fani hii. Vipande vya kichwani na mkiani humulikwa kwa mwanga wa nanometa 808: mkia, uliokua mwisho, hufyonza zaidi, maana una neodimi nyingi. Halafu hupigwa mmweko mfupi na kutazamwa mng'ao unavyofifia. Kwenye asilimia moja ya neodimi, hudumu kama mikrosekunde 230. Neodimi ikizidi, atomu jirani hupokezana nishati hadi ikapotea kama joto, na mng'ao hufa mapema.

Neodimi yenyewe iko mashariki ya Ziwa Rukwa, kwenye mwamba wa Ngualla, mkoani Songwe. Mwaka 2023 Serikali ilisaini makubaliano ya mradi wa kuichimba na kupata hisa asilimia 16. Nyingi itaishia kwenye sumaku, kwani leza huhitaji kidogo sana. Tanuri lenye chungu cha iridi ni ghali mno, lakini vipimo vya mwanga havihitaji kusubiri mgodi: fuwele ya kununua, taa na spektromita vyatosha kumwanzisha mwanafunzi wa Sumbawanga.