Tuchague Visikizi kwa Masikio, Si kwa Macho

Aishiye Mowlem hahitaji saa ya kumwamsha. Kabla jua halijachomoza, honi za matatu zimekwisha kuanza kujibizana na makanga wanawaita abiria wa mjini. Baadaye wachomeleaji wa milango ya chuma huwasha mitambo yao. Jioni huja zamu ya vinyozi, kila mmoja na spika yake mlangoni. Sisemi haya kwa kulalamika, maana mtaa ni watu, na watu hawaishi kimyakimya. Nayasema kwa sababu ndiyo yanayopasa kuwa mwanzo wa mazungumzo yoyote kuhusu kifaa ambacho siku hizi humkosi mwanafunzi anayekivaa akielekea chuoni: visikizi vya muziki, au kwa lugha ya wachuuzi, hedifoni na iafoni.

Mjadala wetu kuhusu vifaa hivi umekuwa wa macho mno. Vijana hubishania rangi na chapa. Wazazi, na sisi walimu pamoja nao, huuliza bei tu, kisha tukaguna. Swali ambalo ni nadra kulisikia ni hili: kwa kelele za mahali unapoishi na unapopita, itakubidi upandishe sauti kiasi gani ndipo uusikie wimbo wako?

Hebu tulieleze jambo hili kama lielezwavyo darasani. Shirika la Afya Duniani lapendekeza kwamba mtu mzima anayesikiliza kwa kiwango cha desibeli 80 asizidi muda wa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto, kiwango cha muda huohuo ni desibeli 75. Saa 40 ni nyingi, na msomaji aweza kudhani kwamba hana la kuhofia. Lakini desibeli hazipandi kama bei ya nyanya, shilingi kwa shilingi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa maradufu na muda ulio salama hupungua nusu. Kwa desibeli 83 hubaki saa 20. Kwa 86, saa 10. Kwa 89, saa 5 pekee. Saa 5 kwa wiki ni saa moja kila siku ya kazi, na mtu aliyekwama katika Barabara ya Outering au ya Jogoo aweza kuzimaliza ndani ya matatu kabla ya kufika Ijumaa. Isitoshe, ndani ya matatu yenyewe kuna muziki wa dereva, nawe wataka kuushinda kwa muziki wako.

Chembe laini za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa, hazioti tena. Tena hazianzi kufa zile za sauti nene, bali za sauti nyembamba, ambamo mna konsonanti kama s, f na th. Mwalimu wa Kiswahili atanielewa upesi: mwanafunzi wa namna hiyo husikia kwamba unasema, ila katika imla yeye huandika "samani" pale uliposoma "thamani". Tunamwadhibu kwa uzembe, kumbe kosa limo sikioni.

Maadamu hivyo ndivyo, kisikizi kizuri kwa mkazi wa Mowlem si kile kinachonguruma kuliko vingine. Ni kile kinachomwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini. Vile vyepesi vya sponji, vinavyokaa juu ya masikio, ni raha tupu kuvaa, na usiku nyumbani kukiwa kimetulia sina ugomvi navyo. Ndani ya matatu ni mtego, kwa kuwa kelele hupenya kama upepo kwenye chandarua na mkono hukimbilia kitufe cha sauti. Vya plastiki ngumu, vinavyoning'inia tu mlangoni mwa sikio, vina ila hiyohiyo na huumiza juu ya hayo. Vikubwa vyenye mito inayofunika sikio zima huzuia kelele vizuri, lakini hutoa jasho wakati wa mchana, nao wavaao miwani hubanwa panda za uso.

Vilivyosalia ni vile vyenye ncha za mpira zinazoingia sikioni, na hivi ndivyo ningempendekezea mwenye mfuko mwepesi. Mara nyingi huuzwa pamoja na ncha za saizi tatu, na wengi wetu huzitupa mbili pamoja na pakiti bila kuzijaribu. Ni kosa. Ncha ikiwa ndogo, besi hutoroka, nasi hudhani kifaa ni kibovu tukaongeza sauti. Ijaribu hivi: vaa bila kuwasha muziki, kisha useme neno. Ukisikia sauti yako kana kwamba umeingiza kichwa mtungini, na makanga nje amefifia, umepata saizi yako. Huenda sikio la kushoto likataka saizi tofauti na la kulia, si ajabu.

Viko pia visikizi vinavyoua kelele kwa umeme, wazo ambalo Amar Bose, mwalimu wa Chuo cha MIT kule Marekani, alilipata mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege. Ni ufundi wa kusifiwa, lakini vilivyo bora bado ni ghali, na ncha ya mpira hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure.

Je, waya au bila waya? Simu nyingi mpya hazina tundu la kuchomekea, na mwenye simu hiyo hana hiari kubwa. Mwenye tundu na alishukuru, kwa kuwa waya hauhitaji chaji, ilhali betri ndogo za vile visivyo na waya huchoka baada ya muda na si rahisi fundi kuzibadilisha. Waya nao una adui wake, nayo ni ile tabia ya kuuzungushia simu kwa kuubana. Hukatikia pale karibu na plagi. Mimi nilinunua jozi mjini, upande mmoja ukanyamaza kabla ya wiki mbili kwisha, na muuzaji akanitazama kana kwamba hatujawahi kuonana.

Tangu hapo sinunui bila kujaribu papo hapo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; hata hivyo nimepata vizuri kwa mchuuzi atembeaye na vibovu kwenye kabati la vioo la Luthuli Avenue. Ninachofanya ni kwenda na wimbo ninaoujua. Wangu ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Nauweka kwa sauti ya chini, papo hapo barabarani. Nikiweza kulifuata gitaa la besi la Tom Malanga bila kulichanganya na ngoma, nalipa. Nikilazimika kupandisha, narudisha.

Walkman ya Sony ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya visikizi, kwa kuwa mkuu wa kampuni, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Vijana wetu wamelitatua suala hilo kwa namna yao: jozi moja, sikio moja kwa kila rafiki. Ni upendo, ingawa ncha hizo hubeba nta na maradhi ya mwenzako, na sikio lililobaki wazi hupokea kelele zote na kukushawishi uongeze sauti. Zaidi ya hayo, rekodi nyingi za zamani ziliweka ala hii kushoto na ile kulia. Hivyo mmoja husafiri hadi mjini na magitaa, na mwenzake na ngoma.