Safari ya Siku Nne kwa Ajili ya Mpira



Kila ufikapo mwezi wa Januari, wakati ambapo hapa Stockholm jua huzama baada tu ya saa tisa alasiri, mazungumzo ya vijana wetu huelekea kwenye mpira wa nyumbani. Wenye uwezo hukata tiketi, hubadilisha ndege njiani, wakateremka Unguja kwa siku tatu au nne ili kuiwahi fainali ya Kombe la Mapinduzi, kisha wakarejea makazini. Nao wazee huuliza: kuna maana gani kuteketeza akiba ya miezi kwa mchezo wa dakika tisini?

Suala hili lastahiki jibu la insafu. Mashindano hayo yalianza mwaka 2007, na katika miaka ya karibuni fainali yake aghalabu huchezwa tarehe 13 Januari. Mwaka 2024, katika uwanja wa Amaan uliokuwa umetoka kukarabatiwa, Mlandege ya Unguja iliifunga Simba ya Dar es Salaam bao 1–0 na kulihifadhi kombe. Mwaka uliofuata zilialikwa timu za taifa, mechi zikachezwa Gombani, Pemba, na Zanzibar ikaishinda Burkina Faso mabao 2–1.

Furaha ya siku kama hizo ina sababu yake. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama kamili iliopewa na Shirikisho la Afrika mwezi Machi 2017 uliondolewa Julai ya mwaka huo huo. Kwa hiyo mtoto wetu aliyezaliwa hapa hataiona Zanzibar katika Kombe la Dunia, ilhali timu ya Uswidi huiona sebuleni kwake. Nafasi za kuishangilia timu ya visiwa vyetu ni chache: Kombe la Chalenji, ambalo tulilitwaa mwaka 1995 nchini Uganda, na mashindano machache mengineyo.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yasiyofaa kupuuzwa. La kwanza ni jina la kombe lenyewe. Miongoni mwetu wamo wazee walioihama nchi baada ya Januari 1964, wakiacha nyuma nyumba na jamaa. Kwao tarehe hiyo si sikukuu. Kijana anayefunga mizigo kwa shangwe na ampe babu yake haki ya kunyamaza, na babu naye ampe mjukuu haki ya kuipenda nchi kwa njia anayoijua. Mpira haufuti yaliyopita, wala anayeushangilia hakuyahalalisha.

La pili ni skuli. Likizo ya majira ya baridi hapa kwa kawaida humalizika siku chache baada ya tarehe 6 Januari, na masomo ni ya lazima kisheria. Mzazi anayetaka kumchukua mwanawe hana budi kuomba ruhusa mapema kwa mwalimu mkuu, naye anaweza kukataa. Akikataa, ni bora mtoto apelekwe wakati wa kiangazi, hata kama hakuna fainali. Vijana wa mitaa hucheza kila alasiri, na huko atapata marafiki badala ya kuwa mtazamaji.

Kwa anayekwenda Januari, siku nne zatosha akizipanga vyema: Ijumaa aswali na jamaa zake, azuru makaburi, amwamkie bibi na kukaa naye zaidi ya muda wa kikombe kimoja cha kahawa, awatazame wagonjwa, kisha ndipo aende uwanjani. Aliyefika Amaan asifike kwa wazee wake amesafiri kama mtalii. Bali aliyeunga udugu kwanza, hata timu yake ikifungwa, hakurudi Stockholm mikono mitupu.

Wabillahi tawfiq.